Jino la Mwajabu

Kila asubuhi, kabla ya chai, kabla hata ya kumjibu mtu salamu, Zaituni Mhina alitia tone moja jicho la kulia na tone moja jicho la kushoto. Akisahau siku mbili tatu, dunia inaanza kuingia ukungu kuanzia pembeni. Akikosa siku arobaini, basi tena, kiza. Na kiza alikijua, hakusimuliwa. Alikaa nacho miaka sita baada ya tindikali kumrukia usoni maabara, akaongozwa na fimbo kama mtu wa miaka tisini, naye hajafika hata thelathini. Kwa hiyo msimwone mwoga kwa haya nitakayowaambia. Mwoga ni yule anayeogopa asichokijua.

Jumatatu moja ya mwaka 2074, mkuu wake wa kazi, Dkt. Semkiwa, alimwita ofisini akafunga mlango. Mtu huyu hafungi mlango hata akila, kwa hiyo Zaituni alijua kuna jambo.

"Zai, keti. Ukoo wa Saba umefikiwa na ukaguzi."

Zaituni aliketi bila kuona kiti kilipo.

Pale kwenye Taasisi ya Seli ya Mkulumuzi, ukoo si watu. Ukoo ni seli zote zilizozaliwa kutoka chanzo kimoja. Seli nyingi za mwili zimeshachagua kazi: ya ini ni ya ini, ya ngozi ni ya ngozi, huwezi kuzishauri. Seli shina bado hazijachagua. Ni donge la unga uliokandwa, ukitaka chapati utapata chapati, ukitaka maandazi utapata maandazi, ufundi ni wa mpishi. Zinapatikana hata kwenye ile nyama laini iliyomo ndani ya jino la utoto likishang'oka. Ukoo wa Saba ulitoka kwenye jino moja la namna hiyo, dogo kama punje ya mchele. Miaka thelathini na moja baadaye ulikuwa umejaza majokofu mawili, na watu mia tatu na kumi na tatu, kutoka Pangani mpaka Lushoto, walikuwa wanaona kwa sababu kioo cha mbele cha macho yao kilioteshwa humo. Matone ya kila asubuhi nayo yalitengenezwa kwa maji ya seli zile zile. Zaituni alikuwa mtu wa mia mbili na nne.

"Jalada lina neno moja tu," Semkiwa alisema. "Kwembago. Shule ya msingi. Jina la mtoto halimo. Nenda, zunguka, uliza mmoja wawili, rudi uandike chanzo hakikupatikana. Ukoo utakuwa yatima, serikali itakuwa mzazi, na sisi tutaendelea na kazi."

"Na kikipatikana?"

"Sheria ya Chanzo unaijua kuliko mimi."

Aliijua. Mwenye seli akiwa hai, anaulizwa yeye. Akiwa amekufa, anaulizwa ndugu wa damu. Siku ile ile anapopatikana, majokofu yanafungwa, halitoki hata tone, mpaka atoe jibu. Akisema ndiyo, yanafunguliwa. Akisema hapana, ukoo unachomwa na majivu anapewa akazike. Kuotesha ukoo mwingine wa macho ni miaka mitano, na jicho halisubiri miaka mitano.

"Sheria hiyo hiyo inakataza mwenye maslahi kukagua," Zaituni alisema. "Mimi ninazo hizo seli, daktari. Ninakutazama kwazo."

"Ndiyo maana nimekutuma wewe." Semkiwa hakuwa mtu mbaya, na sauti yake ilikuwa ya huruma kabisa. "Mwingine anaweza kwenda kule akajitia ushujaa. Wewe hutakuwa mjinga, Zai."

Alitoka mle amekasirika, na kilichomkasirisha zaidi ni kwamba mkuu wake alikuwa amempima akampatia.

*

Kwembago iko upande wa Muheza, katikati ya michungwa. Mwalimu mkuu wa sasa, kijana mchangamfu, alifungua kabati la zamani bila kinyongo, akatoa daftari lenye jalada lililoliwa na mende.

"Sanduku la Mjusi," alisoma, akacheka. "Hili niliambiwa habari zake na wazee!"

Mnajua wenyewe mtoto aking'oka jino. Analitupa juu ya paa, anamwimbia mjusi achukue bovu amletee jipya. Watafiti wa enzi hizo walikuwa werevu, au walijiona werevu. Walileta shuleni sanduku la bati lenye barafu ndani na mjusi wa kijani amechorwa kwenye kifuniko. Watoto wakaambiwa mjusi amehamia shule. Ukitia jino unapewa penseli ya rangi. Loo, watoto waling'oa mpaka yasiyolegea! Mwalimu wa wakati ule aliandika majina, na mwisho wa ukurasa akatia saini moja kwa niaba ya wazazi wote wa kijiji. Wazazi wenyewe hakuna aliyeulizwa. Walimu wale walizoea kuamua, na wazazi walizoea kuamuliwa.

Namba saba, sawa na ya ukoo: Mwajabu Kibwana, darasa la kwanza, jino la chini la mbele.

Hapo ndipo angegeuza. Bajaji ya umeme ilikuwa inamsubiri getini, na Semkiwa anasubiri neno moja. Lakini kumbe mtu akishajua jina ni taabu. Alijiambia anakwenda kuona nyumba tu. Alitaka kujua mwenye macho yake ametokea mlango gani.

Mlangoni alimkuta mwanamke wa makamo ya kuelekea uzeeni, anamenya machungwa ya kuuza, ganda linashuka utepe mmoja mrefu bila kukatika. Ndiye Bi Mwanakombo, mama yake Mwajabu.

"Hodi hapa. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, vuta kigoda. Wewe wa mjini, viatu vyako havijaujua udongo wetu."

"Mama, samahani. Nimekuja kuuliza habari za Mwajabu."

Ganda lilikatika.

"Nani kakutajia jina hilo?"

"Nimelisoma shuleni."

Bi Mwanakombo aliweka kisu chini. "Mwajabu hayupo. Homa ya siku mbili tu. Alikuwa na miaka saba. Leo angekuwa rika lako, labda na watoto wake." Alilitazama chungwa mkononi. "Unataka nini kwa marehemu?"

"Kabla hajafariki, alikuwa ameng'oka jino?"

Mama wa watu akasimama ghafla, machungwa yakabingirika uani.

"Mwanamkuu ndiye kakutuma! Sema kweli!"

"Mama, simjui Mwanamkuu. Wallahi simjui."

Ilichukua muda mpaka akatulia. Alipotulia, akasema yote, kama mtu aliyekuwa na mzigo kichwani akisubiri wa kumtua. Mwanamkuu ni dada yake, tumbo moja, mkubwa wake. Ndiye aliyemng'oa Mwajabu lile jino kwa uzi, mtoto anacheka. Wiki mbili baadaye mtoto akafa. Matangani akaja fundi mmoja wa ramli, akasema jino halikufika paani, limeshikwa na mkono wa karibu, na huo mkono ndio uliokula mtoto. Watu wakapanda paa wakapapasa. Jino la maziwa juu ya bati lenye mteremko, mwezi wa masika! Lingekaa wapi? Lakini hawakuliona, basi ikawa ushahidi.

"Dada akasema mtoto alilitia mfukoni akaenda nalo shule. Nani amsikilize? Mimi mwenyewe nilisimama mbele ya watu nikamwambia, Mwanamkuu, nirudishie jino la mwanangu. Maneno yangu haya, kwa mdomo wangu huu. Mumewe akamwacha. Akahamia ng'ambo ya mto, na yuko huko mpaka leo. Akipita njia hii mimi naingia ndani. Miaka thelathini na moja, mwanangu, hatujapeana hata salamu."

Zaituni alihisi daftari aliloazima shuleni likiwa zito mkobani. Sasa jambo lilikuwa limebadilika. Asubuhi ile alikuwa na macho yake kwenye mizani, na upande wa pili karatasi ya serikali, na karatasi ni kitu chepesi. Sasa upande wa pili kulikuwa na mwanamke mzima, ng'ambo ya mto, anaitwa mchawi. Akinyamaza, ataona mpaka kufa kwake, na kila atakachokiona atakiona kwa kumficha huyo. Aliogopa. Aliogopa hasa.

Akatoa daftari.

"Soma hapo, mama. Namba saba."

Bi Mwanakombo alivaa miwani, akafuata mstari kwa kidole. Alisoma mara moja, akasoma tena.

"Alisema kweli," akasema. "Mwanamkuu alisema kweli. Ee Mola wangu, alisema kweli!" Akalia kilio cha msiba mbichi, mpaka jirani akachungulia uani akarudi.

Alipopata pumzi aliuliza, "Walilifanyia nini?"

Zaituni alimweleza habari za donge la unga, na majokofu, na watu mia tatu na kumi na tatu. Hakuficha kitu isipokuwa kimoja.

"Kwa hiyo bado zipo hai."

"Zipo."

"Nilimwosha mwanangu kwa mikono yangu. Nikamkamilisha, nikamzika. Kumbe nimemzika pungufu." Alijifuta kwa ncha ya kanga. "Na nani alikuja hapa kuniuliza?"

"Hakuna, mama. Ndiyo nimekuja leo."

"Leo! Mtu anayeniomba chungwa huku ameshalimenya analitafuna, huyo haombi, mwanangu. Huyo ananiarifu."

Zaituni alifungua kibao cha kidijitali cha ukaguzi, akaandika jina la chanzo, akabonyeza. Mjini, majokofu mawili yakajifunga. Chupa yake mwenyewe ilikuwa imebakiwa na matone ya wiki tatu.

"Ukibonyeza hapa ni ndiyo," alisema. "Hapa ni hapana. Haki ni yako, na mtu asikusukume."

"Hao wanaoona, unawajua?"

Kuna maswali yanayotegwa na kuna maswali yanayokuja yenyewe. Hili lilikuja lenyewe. Akisema, atakuwa amemwekea mama huyu jiwe shingoni. Akinyamaza, atakuwa amemfanya kama alivyofanywa na wenye sanduku.

"Nawajua wengine. Mmoja ni mimi."

Bi Mwanakombo alisogea, akamshika kidevu, akamwinua uso kuelekea mwangani. Mkono ulikuwa unanukia maganda ya machungwa. Alitazama jicho hili, akatazama na lile.

"Si rangi yake."

"Rangi ni yangu. Cha kwake ni kioo cha mbele, hakionekani."

"Nikisema hapana?"

"Nitapofuka. Mimi na wenzangu wote."

"Ungeweza kunificha."

"Ningeweza, mama."

Mwanamke yule aliachia kidevu taratibu. Aliokota machungwa yake yote, moja baada ya jingine, akayapanga kwenye beseni. Kisha akajitanda kanga.

"Nipeleke kwa dada," alisema. "Peke yangu sitafika."

*

Ng'ambo ya mto, Bi Mwanamkuu alikuwa barazani anashona kofia ya vito, vile vitundu vya kuzungushiwa uzi, ameisogeza karibu na pua kwa uzee wa macho. Mdogo wake alikwama kwenye ua wa mabati, ikabidi Zaituni ndiye apige hodi.

Bi Mwanamkuu aliinua kichwa.

"Umepotea njia, Mwanakombo?"

Bi Mwanakombo alikwenda akapiga magoti pale pale kwenye mchanga, akamshika dada yake miguu, akamwekea daftari mapajani. Zaituni ndiye aliyesema kilichomo, maana huyu alilia na yule hakuona maandishi. Alisema yote, na habari za macho yake pia.

Bi Mwanamkuu alisikiliza mpaka mwisho sindano ikiwa imesimama hewani.

"Haya," alisema. "Sasa?"

"Nisamehe, dada."

"Nyamaza kwanza. Umesema wewe miaka thelathini na moja, leo nataka niseme mimi." Sauti haikupanda hata kidogo, na afadhali ingepanda. "Mume wangu aliondoka na watu wakasema ana akili. Watoto wakipita hapa wanashikana mikono wakimbie. Mama yetu alikufa, Mwanakombo. Nililetewa habari akiwa ameshazikwa. Hilo nalo utalizoa vipi? Maji yakimwagika hayazoleki."

Bi Mwanakombo alizidi kuinama, paji la uso likagusa mchanga.

"Inuka, utaumwa magoti," dada yake alisema kwa ukali. "Wewe si mtoto."

Bi Mwanakombo aliinuka, akachukua kile kibao kwa Zaituni, akakiweka juu ya kofia ambayo haijaisha.

"Sheria inasema ndugu wa damu. Wewe ni mama yake mkubwa. Bonyeza wewe, dada. Mimi neno langu juu ya jino hili nilishalisema siku ile, na lilikuwa la uongo. Sina jingine."

Mtu aliyetendwa vibaya kuliko wote ndiye sasa ameshika macho ya watu mia tatu na kumi na tatu. Nani angemlaumu?

"Wewe binti," Bi Mwanamkuu alimgeukia. "Mkubwa wako alikwambia uandike nini?"

"Niandike hakupatikana mtu."

"Na ungeendelea kuona."

"Ndiyo, mama mkubwa."

"Kwa nini hukuandika?"

"Niliposikia habari zako sikuweza," Zaituni alisema. "Lakini kama nisingezisikia, labda ningeandika. Sitaki kukudanganya."

Bi Mwanamkuu aliguna. Alikishika kibao, akakigeuza nyuma na mbele kama anayekagua kitambaa sokoni. Halafu akaingia nacho ndani. Walisikia sanduku la mbao likifunguliwa na kufungwa. Alirudi mikono mitupu.

"Sijakataa, sijakubali," alisema. "Nilisubiri miaka thelathini na moja mtu aje kunisikiliza. Na nyinyi subirini kidogo."

"Mama mkubwa, dawa ni ya wiki tatu tu."

"Nimesikia. Sijawa kiziwi." Akaketi, akaichukua kofia. "Uje Ijumaa. Karatasi usilete. Kijiji kizima kiliniambia nimemla mtoto wa ndugu yangu. Nataka nimzoee kwanza mtu anayeona kwa sababu Mwajabu alikwenda na jino shule."

*

Semkiwa hakufoka. Alisema tu, "Zai, umefanya nini," kisha akaketi na kushika kichwa. Jumatano simu zikaanza. Mzee mmoja wa Pangani, fundi wa saa, aliuliza kwa adabu sana dawa imekwama wapi, kwani chupa yake ni ya siku tisa. Mwanamke mmoja alitukana. Zaituni alizipokea zote mwenyewe, kwani aliona si haki mtu mwingine ajibu. Alimwambia kila mmoja ukweli, kwamba jino liliibwa na wenyewe wamepatikana, na kila mmoja aliuliza, "Sasa mimi?" Usingizi ulimkimbia, akajuta, kisha akajuta kujuta.

Ijumaa baada ya sala alikwenda ng'ambo ya mto. Aliwakuta wawili. Bi Mwanakombo ameketi kwenye kigoda cha chini, mbali kidogo, anamenya machungwa. Bi Mwanamkuu na kofia yake. Hawakuwa wanazungumza, lakini baina yao kulikuwa na sahani moja ya machungwa, na maganda ya kila mmoja yalikuwa yamewekwa humo.

"Shikamooni."

"Marahaba. Kaa hapa, mwangani."

Akakaa. Bi Mwanamkuu alimtazama bila haraka, bila haya, jinsi mtu anavyomtazama mgeni wa ukoo akitafuta amefanana na nani. Halafu akakata uzi kwa meno, akamnyooshea sindano.

"Nitungie. Mimi tundu silioni siku hizi."

Ulikuwa uzi mweupe, wa aina ile ile ya kung'olea jino. Zaituni aliulowesha mdomoni, akaulenga, ukapita mara moja. Bi Mwanakombo aliacha kumenya, akaangalia pembeni.

Dada mtu aliipokea sindano, akapapasa uzi kwa vidole kuhakikisha umeingia. Alishona vito viwili, vitatu. Ndani, sanduku lilikuwa limefungwa, na kibao kimo.

"Nyembamba hii," alisema bila kuinua kichwa. "Ijumaa ijayo ziko sindano tatu za kutunga, na zinataka macho. Usichelewe."